Mafundo Matano ya Matope

Niliporudi Nyamwage na mtoto mgongoni, mwishoni mwa Shaabani ya mwaka ule wa vita, wa kwanza kunipokea alikuwa mke mwenzangu. Alimtwaa mwanangu kabla sijakaa, akamfunua uso, akamtazama kama anayechagua embe sokoni.

"Kafanana na baba yake," akasema. "Pole, mwanangu."

Mume wetu Mshamu akacheka, nami nikacheka kwa sababu yeye amecheka. Lakini kilichoniuma ni kwamba Mwajabu wangu, ambaye kwa nyanya yake alimlilia kila aliyemshika, kwa huyu alitulia tuli, akamtolea macho na kunyonya kidole chake.

Mke mwenzangu huyo jina lake Mwanabaraka. Alikuwa bi mkubwa, mama wa Kibwana na Mwamini, na kila alichokishika kilikwenda sawa. Wali wake haukushika moto. Mkeka wake haukupinda. Nilipoolewa nilidhani nitamshinda kwa ujana. Baada ya mwezi mmoja nikagundua kuwa Mshamu haji kwake kutazama ujana. Anakuja kumuuliza mambo.

Na zaidi ya yote alimuuliza kuhusu ardhi.

Baba yake Mshamu, marehemu mzee Sadallah, alikuwa mchimba sandarusi, ile gundi ngumu ya miti ya kale inayofukuliwa mchangani na kuuzwa kwa Wahindi. Mashimo yao yalikuwa marefu kuliko mtu, na ardhi ikitikisika shimo hujifunga kama mdomo. Kwa hiyo wachimbaji walijifunza. Ardhi, mzee alikuwa akisema, haitikisiki mara moja. Kwanza hupita mtetemo mdogo, kama mgeni anayepiga hodi. Halafu huja kishindo chenyewe. Kati ya hodi na kishindo, hesabu. Ukipata mbili au tatu, toka shimoni na uache hata jembe, maana tetemeko liko miguuni kwako. Ukipata kumi, endelea kuchimba. Liko mbali, kila hesabu moja ni mwendo wa saa moja kwa mguu.

Lakini lazima kila mtu ahesabu kwa mwendo mmoja, si huyu mbio na yule kwa kujikokota. Mshamu alitufundisha mwendo wa baba yake. Siku moja kabla sijapata mimba alituketisha mimi na Mwanabaraka uani, akatugeuza tupeane migongo, akasema tuhesabu kimya mpaka atakapopiga kofi.

Akapiga kofi.

"Ngapi?"

"Ishirini na nne," akasema Mwanabaraka, tasbihi mkononi.

"Thelathini na moja," nikasema mimi.

"Mimi mwenyewe ishirini na nne," akasema Mshamu. "Mwanaheri, wewe unakimbia. Mwenzio anatembea."

"Anakimbilia wapi, maskini?" akasema Mwanabaraka. "Hakuna anayemfukuza."

Usiku ule haikuwa zamu yangu. Nilihesabu peke yangu mpaka usingizi ukanichukua.

Mimi kwetu ni visiwani, kwenye delta, kwa wakata mikoko. Mimba ilipokua nilikwenda kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, nikiwa huko vita vikaanza. Watu wa Matumbi walikunywa maji ya dawa, wakang'oa pamba ya Mdachi, na moto ukaenea. Nikakwama. Ila nikiwa huko nilijifunza kuhesabu. Hakunifundisha mtu, alinifundisha Mwajabu. Mtoto mchanga ukimpigapiga mgongoni haraka, analia. Polepole, anachoka kusubiri, analia vilevile. Kuna mwendo mmoja tu anaoukubali, na wallahi, ulikuwa uleule wa mzee Sadallah. Ardhi ilipotikisika Rajabu nilihesabu kwenye mgongo wa mwanangu. Ilipotikisika tena katikati ya Shaabani, kwa nguvu kuliko mwanzo, nikahesabu tena. Nikaiweka hesabu kichwani kama mtu anavyoficha kipuli kwenye pindo la kanga, na nikarudi nayo Nyamwage.

Kaka yangu ndiye aliyenileta. Tulipita Mohoro, penye kituo cha Mdachi, kwa mtumbwi, nimelala chini ya makuti, titi mdomoni mwa mtoto asilie, na juu ya ukingo nikisikia askari wakicheka. Mtumbwi mdogo, watu wawili na kichanga. Hawakutusimamisha.

Sasa nieleze nilichokuta nyumbani. Ghala za majirani zilikuwa majivu. Askari wa Mdachi walikuwa wakipita vijiji vya njiani, wanachoma mpunga na kuchukua wanawake. Mama yake Mwanabaraka alikwisha tangulia na wajukuu wake, Kibwana na Mwamini, kwenye pango moja huko vilima vya Matumbi. Walikuwa humo siku ya kumi. Ndipo likaja lile tetemeko la Shaabani, na tangu siku hiyo Mwanabaraka hakula akashiba. Swali lilikuwa moja tu: tetemeko lile lilitoka wapi? Kama lilitoka chini ya vilima, pango lile ni shimo la sandarusi lililo kubwa zaidi, na likija jingine litawafunga watoto. Kama lilitoka kwingine, pango ni mahali salama kuliko pote, na sote twende humo.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," Mshamu akaniambia.

Mimi! Nilitamani mama angekuwapo asikie.

Uani palikuwa pamefagiliwa na kumwagwa majivu. Mshamu alikuwa amepanga mawe: hili Nyamwage, hili Utete, lile kwetu visiwani, yale manne ya pamoja vilima vya Matumbi, na ng'ambo ya mfereji aliouchora kwa kidole kuwa ndio mto, jiwe la Kibiti. Kati ya jiwe na jiwe alikuwa amepima kwa shibiri, shibiri moja kwa kila saa ya mguu. Na alikuwa na kamba za ukindu zilizofungwa mafundo, fundo moja kila shibiri.

"Hesabu ya mtu mmoja," akanieleza, ingawa nilijua, "inasema mbali kiasi gani. Haisemi upande. Siku ile mimi nilikuwa Utete, nikapata tisa." Akashika kamba ya mafundo tisa, ncha moja kwenye jiwe la Utete, akazunguka nayo akichora duara kwenye majivu. "Mwanabaraka alikuwa hapa, akapata kumi na moja." Akachora la pili. "Tazama. Maduara yanakatana mara mbili."

Nikatazama. Mahali pamoja yalikatana ng'ambo ya mto, kwenye jiwe la Kibiti. Na mahali pengine yalikatana kusini, katikati ya yale mawe manne.

"Kibiti au vilima," akasema Mwanabaraka. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tumekaa siku sita tunatazama haya majivu, bi mdogo. Kibiti au vilima. Wewe ndiwe wa tatu."

Nikamweka mtoto begani, nikajibu taratibu, nisije nikaambiwa nakimbia.

"Kumi na nane."

Mshamu akafunga mafundo kumi na nane, akaweka ncha kwenye jiwe la kwetu, akazunguka. Mstari ulipita mbali na Kibiti, ukashuka, ukaingia moja kwa moja kwenye yale mawe manne.

Mwanabaraka alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya mawe yale kama mtu anayefunika kifaranga.

"Una hakika ni kumi na nane?" akaniuliza.

"Hesabu yangu nimeipima kwa huyu," nikasema, nikampigapiga Mwajabu mgongoni. "Hebu hesabu na wewe."

Akahesabu na tasbihi yake, mimi na mtoto wangu. Tukaenda pamoja mpaka thelathini bila kupishana. Mshamu akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Siku hizi unatembea, Mwanaheri," akasema.

Maneno yale niliyameza kama asali. Na yaliyofuata yalikuwa matamu zaidi: watoto watolewe pangoni haraka, kisha sote tushuke mtoni, tuende visiwani, kwa wazazi wangu. Kwetu! Mwanabaraka angekaa kwenye mkeka wa mama yangu. Angeniuliza mimi maji ya kunywa yako wapi, njia ya kwenda chooni ni ipi, na maji yakijaa tupande wapi. Nikaanza kumpangia chumba kichwani, kile cha nyuma, chenye mbu.

"Alhamdulillahi kwamba safari hii tumepata watu watatu," Mshamu alikuwa akisema huku akikunja kamba. "Lile la Rajabu hatukuhitaji hata kamba. Lilikuwa Utete palepale, maji moto yaliruka kisimani yakaunguza miguu ya watu."

Rajabu. Utete.

Mkono wangu ukasimama mgongoni kwa mtoto. Lile la Rajabu mimi nililihesabu nikapata ishirini na moja. Nikalitazama jiwe la Utete, nikalitazama jiwe la kwetu, nikahesabu shibiri kwa macho. Kumi na sita. Nikarudia. Kumi na sita.

Mafundo matano yalikuwa yamezidi.

Nilijua yametoka wapi. Mtoto wa visiwani hahitaji kufundishwa. Kwetu hakuna ardhi, kuna matope juu ya matope. Baba akigonga nguzo ya mkoko upande huu wa nyumba, upande wa pili tunaona kwanza nguzo imeingia, ndipo sakafu inatikisika miguuni mwetu. Kishindo kikifika kwenye matope kinajikokota kama mtu aliyezama magotini. Hodi hupita, mwenye hodi hubaki nyuma. Kwa hiyo hesabu yangu ya kumi na nane haikuwa kumi na nane. Ilikuwa kumi na tatu. Na kutoka kwetu hadi Kibiti ni kumi na tatu.

Pango lilikuwa salama.

Nikanyamaza.

Nitasema ukweli wa nilivyojiambia. Nilijiambia visiwani ni salama vilevile. Askari hawazijui njia za mikokoni. Nilijiambia huenda nimekosea shibiri. Nilijiambia, mara hii moja tu, hesabu yangu ndiyo iliyofuatwa. Nikitoa matano, itabaki nini? Itabaki kwamba Mwanaheri alikosea tena na Mwanabaraka alipata kumi na moja yake, kamili, kama kawaida. Mohoro sikuifikiria. Kwenda na mtumbwi wa watu wawili si sawa na kwenda na familia nzima, watoto wanalia, ajuza anakohoa, lakini jambo hilo nililiweka nyuma ya mlango nikauegemea.

Mwanabaraka aliingia ndani akatoka amevaa kaniki iliyochakaa, kichwani kitambaa cha shamba.

"Unakwenda wapi?" Mshamu akamuuliza.

"Kuwatoa wanangu."

"Nitakwenda mimi."

"Baba Kibwana, wewe ni mwanamume. Wakikuona njiani hawaulizi jina, wanapiga. Mimi watanishika tu." Alisema "watanishika tu" kama anayesema nitalowa tu na mvua.

"Kambi yao iko njiani, mama Kibwana. Na kurudi utarudi na watu watatu mchana kweupe."

"Ndiyo. Lakini kama vilima vinatikisika, nifanyeje? Niwaache?" Akanigeukia. "Bi mdogo, nikopeshe kanga yako moja ya kumfunikia Mwamini. Na nikichelewa..." Akasita, akaanza upya kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwamini hapendi kusukwa na mtu mwenye mkono mzito. Msuke polepole. Atakudanganya kuwa ameshiba, usimsadiki. Kibwana yeye hana taabu."

Akamwinamia Mwajabu aliyekuwa mapajani mwangu, akamnusa kichwani, pale utosini panapopwita, akafunga macho kidogo.

Nifiche nini? Hata hapo niliona wivu. Niliwaza: hata kifo atakwenda kukifa vizuri kuliko mimi. Na nikaona kwamba kuanzia siku hiyo Mshamu hatamtaja tena kwa kitu kingine, na mimi nitaishi na jina lake ndani ya nyumba, nikimsuka binti yake polepole, nikijua mafundo matano. Utosi wa mwanangu ulikuwa bado na unyevu wa pumzi yake. Mwanabaraka alikuwa ameshafika kwenye ua wa makuti.

"Mke mwenza!" nikaita. "Usiende."

Akageuka.

"Baba Mwajabu, fundua mafundo matano kwenye kamba yangu."

"Matano ya nini?"

"Ya matope."

Nikawaeleza. Lile la Rajabu, ishirini na moja yangu, kumi na sita ya kweli. Nguzo ya baba. Maneno yalinitoka mbio, nikasahau kutembea. Mshamu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipotaja Utete."

"Hapa? Sasa hivi? Umekaa unamtazama mwenzio akivaa?"

Mtoto alianza kulia, nikashukuru, nikapata pa kuinamisha uso.

Mwanabaraka alirudi mpaka kwenye majivu. Hakunitazama. Alipima mwenyewe kwa shibiri yake kutoka Utete hadi kwetu, akigusa kila shibiri kwa kidole, kumi na sita. Akachukua kamba, akafundua fundo moja, la pili, mpaka la tano, bila haraka, kama anayefumua mkeka uliokosewa na mwanafunzi. Akaweka ncha kwenye jiwe la kwetu, akazunguka.

Duara likapanda mpaka ng'ambo ya mto. Halikupita hasa juu ya jiwe la Kibiti. Yale maduara matatu yalikatana karibu karibu, yakaacha katikati pembetatu ndogo, ukubwa wa ungo.

"Humo," akasema Mshamu kwa sauti ya chini. "Mahali fulani humo ndani. Baba hakupata kamwe padogo kuliko ungo."

"Ungo unanitosha," akasema Mwanabaraka. Ndipo akanitazama. "Kwa hiyo ulikuwa unaniachia niwatoe wanangu kwenye jiwe, niwapeleke kwenye bunduki."

"Nilikuwa nataka twende kwetu."

"Ungesema unataka kwenu! Una mdomo. Mbona wa kunichamba unao?"

"Ningesema nani angenisikia? Humu ndani anasikilizwa mmoja."

Mshamu akafungua kinywa. Mwanabaraka akamnyooshea kiganja, naye akakifunga.

"Haya," akaniambia. "Leo tumekusikia. Umeona ilivyo tamu? Mimi huwa silali. Kila nikisema namba, nakaa macho naogopa nimekosea." Akakivua kile kitambaa cha shamba, akakitupa chini. "Na kanga yako ninaichukua vilevile. Mwamini anasikia baridi."

Tuliondoka sote watatu jioni ileile, kwa njia ya porini aliyoijua Mshamu, tukaizunguka kambi mbali sana hata moshi wake hatukuuona. Njiani Mwanabaraka hakunisemesha. Ila kwenye kila mteremko alisimama, akanyoosha mikono nyuma bila kugeuka, nami nikampa mtoto, nikashuka, akanirudishia. Mara saba. Mwajabu hakulia hata mara moja, msaliti yule.

Pangoni tulikuta watu wa vijiji vitatu. Kibwana na Mwamini walimrukia mama yao wakamwangusha. Ajuza, mama yake, alikuwa ameketi karibu na mlango pamoja na mzigo wake umefungwa tayari, maana tangu lile tetemeko watu walikuwa wakibishana: watoke, wasitoke. Wengine walisema ardhi inapigana upande wetu. Wengine walisema ni mizinga ya Mdachi. Wawili watatu walikwisha toka, na hawakurudi.

Siku ya pili ya Ramadhani, baada ya alasiri, hodi ikapita. Vumbi jembamba likashuka kutoka juu kama unga kwenye chekeche. Watu wakainuka kukimbilia mlangoni.

"Kaeni!" Mshamu akapiga kelele. "Hesabuni kwanza!"

Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwa mwanangu tayari. Moja, mbili, tatu. Hakuna kishindo. Saba, nane. Mwanabaraka, ukutani upande wa pili, midomo inacheza, tasbihi inashuka. Kumi na mbili. Kumi na tano. Nilifika kumi na tisa ndipo kishindo kikaja, kimechoka, kimetoka mbali, mwamba ukakipokea mara moja na kukiacha kipite. Kijiwe kimoja kilianguka ndani ya sufuria ya mtu. Basi.

Watu wakakaa. Mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Kumi na nane," akasema Mwanabaraka.

"Kumi na tisa! Ulianza kwa kuchelewa, ulikuwa unamfunga Mwamini nywele."

"Mimi? Nichelewe?"

"Ndiyo, wewe."

"Labda," akasema, na akageuka upesi kumaliza nywele za mtoto.

Yule ajuza alikuwa akifungua mzigo wake, kitu kimoja kimoja, akivipanga kando ya ukuta kama mtu aliyehamia. Akamuuliza Mshamu, "Nani aliyejua kuwa tusitoke, baba? Nimwombee dua nitakapofuturu."

Mshamu akatutazama, huyu na huyu. Nilishusha macho, lakini masikio sikuyashusha.

"Wake zangu wote wawili," akasema. "Mwanabaraka na Mwanaheri."

Alimtaja yeye kwanza. Nilisikia vizuri sana. Nikamhamisha Mwajabu titi la pili, nikajiambia Ramadhani bado ni ndefu.